Mwongozo wa Mgeni Anayetafuta Rubani wa Kijerumani Lamu

Ukivuka kutoka Manda ukashuka gatini Lamu, usiulize habari za rubani wa kivita wa Kijerumani. Utampata. Wazee wa barazani hawana desturi ya kumnyima mgeni anachokitafuta: kikombe cha pili cha kahawa hakijapoa, rubani ameshapewa jina na ndege yake imeshatua Shela. Wala usijaribu kushindana nao kwa visa vya vita. Wao wana vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19, ambapo yasemekana maji yalikupwa yakayaacha majahazi ya maadui mchangani.

Kinga yako ni miaka. Posta ya Wajerumani, ambayo leo ni makumbusho, ilifunguliwa 1888 ikafungwa 1891. Ndugu wawili wa Wright waliruka 1903. Mjerumani wa Lamu alikuwa na stempu. Mabawa hakuwa nayo.

Ukishikilia, basi mchukue Ernst Udet. Huyu Afrika Mashariki alifika kweli, mwanzoni mwa miaka ya 1930, akapiga filamu Tanganyika. Wakati wa kurudi alikwama Sudan, akaokolewa na Tom Campbell Black, rubani wa Nairobi.

Katika Vita vya Kwanza Udet alitungua ndege 62. Kwa Wajerumani alizidiwa na Richthofen tu, mwenye 80. Hapa ndipo wageni wengi huzama: wanaihesabu 62 kama magoli, wakasahau kwamba ndege hizo zilikuwa na watu ndani. Jihadhari zaidi na kile kisa kitamu cha 1917, bunduki ya Udet ilipokwama na Mfaransa Guynemer, badala ya kummaliza, akampungia mkono akaenda zake. Huenda ni kweli. Ila msimulizi ni Udet mwenyewe, na Guynemer aliuawa mwaka huohuo.

Vita vya Pili usimtafute angani. Alikuwa ofisini Berlin, akisimamia utengenezaji wa ndege za Hitler, kazi iliyomshinda. Novemba 1941 alijipiga risasi. Serikali ikatangaza kwamba amekufa akijaribu silaha mpya, ikamzika kwa heshima zote. Mbele ya utunzi huo, wazee wa barazani ni wanagenzi. Werner Mölders, aliyetungua ndege zaidi ya 100, aliitwa kwenye mazishi hayo akafa njiani, abiria katika ndege iliyoanguka Breslau. Hilo ni kweli tupu, na ndilo utakaloambiwa umelitia chumvi.