Heko Mathenge, Mwalimu wa Watawala

Huku Wenje mathenge hana mtetezi. Mwenye mbuzi humlaani, mwenye shamba humlaani, na kijana wa bodaboda akiziba pancha ya tatu kwa wiki humtaja kwa maneno yasiyochapishika. Leo nimeamua kumsifu. Namsema mti, si mtu. Wenye jina hili wanisamehe. Nimekaa naye jirani kwa miaka mingi, na nimesadiki kwamba katika bonde zima la Tana hakuna kiumbe anayeijua siasa kama yeye. Vyuo vikuu vinalipa maprofesa wafundishe jinsi dikteta anavyoshika nchi yenye bunge, mahakama na sanduku la kura. Sisi mwalimu wa somo hilo tunaye hapa kando ya njia ya mtoni, na hatozi karo.

Nianze na ukoo wake, maana ndiyo adabu ya kusifu. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Mwaka 1973 alipandwa Bamburi, Mombasa, kwenye machimbo ya saruji yaliyobaki mawe matupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaombwa, narudia, akaombwa, aje Bura hapa Tana River na kule Marigat, Baringo. Serikali ilimtaka, wafadhili walimtaka, na wananchi walimpokea kwa sababu ukame ulikuwa umewachosha na kuni zilikuwa za kutafutwa mbali. Maafisa wa misitu walimkuza kitaluni, wakamnywesha maji, wakagawa miche yake. Hakuvunja mlango wa mtu. Kutoka Bura akateremka na mto, akapita Hola, akafika kwetu, akaendelea hadi Garsen, na kote huko hakuhitaji kupiga risasi hata moja.

Hapo ndipo anapowazidi watawala wa kelele. Idi Amin aliichukua Uganda kwa vifaru Januari 1971, na Aprili 1979 alikuwa mkimbizi. Askari wetu wa jeshi la anga walijaribu tarehe 1 Agosti 1982. Wakaiteka redio alfajiri, na kabla ya siku kwisha ndio waliokuwa wakitafutwa. Lakini Daniel arap Moi, mwana wa Baringo hiyohiyo, alitawala miaka 24, na siku aliyoingia hakuna kioo kilichovunjika. Sisemi alijifunza kwa mathenge au mathenge alijifunza kwake. Nasema tu kwamba wawili hawa walistawi katika muongo mmoja, na mbinu zao zinafanana kama waliketi dawati moja.

Fadhila ya kwanza ya mathenge ni kujua saa ya kubisha hodi. Huja wakati wa ukame, mwenyeji anapokuwa hana nguvu ya kuuliza maswali. Mwaka 1976 baadhi ya vigogo wa chama tawala, KANU, walitaka katiba ibadilishwe ili makamu wa rais, Moi, asirithi kiti hata kwa muda. Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu, akawakumbusha kwamba kuwazia kifo cha rais ni uhaini, na adhabu yake ni kifo. Wakanyamaza. Mzee Kenyatta alipofariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, nchi ilikuwa imejaa hofu ya umwagaji damu. Moi akashika usukani kwa siku 90, kama katiba ilivyoagiza, na mwezi wa Oktoba akathibitishwa bila mpinzani. Watu wakashusha pumzi. Wakubwa wengi walimhesabu kuwa wa kupita tu: mpole, mwalimu wa zamani, mtu wa kanisa, wa kabila lisilo kubwa. Mche wa mathenge nao, ukiuona kitaluni, huwezi kuudhania lolote.

Fadhila ya pili ni utamu, na hapa wakosoaji hawamtendei haki. Chukua ganda lake lililokomaa, lile la manjano, livunje ulilambe. Ni tamu kweli, hakuna udanganyifu. Desemba 1978 Rais mpya aliwafungua wafungwa wa kisiasa, Ngũgĩ wa Thiong'o akiwa mmoja wao. Mwaka 1979 yakaja maziwa ya Nyayo, bure, katika shule za msingi. Yalikuwa maziwa halisi, na mtoto aliyeyanywa alishiba. Wanaosema dikteta huanza kwa uongo hawajawahi kuwa na njaa. Huanza kwa kutoa kitu chema ambacho kila mtu alikuwa anakihitaji, kisha shukrani huwa deni lisilokwisha kulipwa.

Fadhila ya tatu ndiyo ninayoistaajabia zaidi: mathenge hajipandi mwenyewe. Simama karibu na kundi la mbuzi saa tisa alasiri, jua likiwa kali na nyasi zimekwisha. Utawasikia wakitafuna maganda kwa mfululizo, kru, kru, macho nusu yamefumba kwa raha. Nyama ya ganda inayeyuka mdomoni, ila mbegu ni ngumu, meno hayaiwezi. Inamezwa nzima. Inashinda tumboni, inalainika, kisha inaanguka njiani ikiwa imefungwa ndani ya mbolea yake yenyewe. Mvua ikinyesha, mathenge mpya yuko kwenye shamba la mtu ambaye hakuwahi kumwalika. Mbuzi mmoja hupanda miti mingi kuliko afisa yeyote wa misitu, tena halipwi mshahara, analipwa utamu.

Moi naye hakujipanda. Alipandwa na wabunge, machifu, kwaya za shule, viongozi wa dini waliotaka kiwanja, na watangazaji waliofungua kila taarifa ya habari kwa kututajia Mtukufu Rais alipokuwa leo. Septemba 1984, akitoka Addis Ababa, aliwaambia mawaziri wake waimbe kama kasuku, kwa kuwa na yeye enzi za Kenyatta aliuimba wimbo wa Kenyatta. Hakuna aliyekasirika. Sisi Wapokomo hatuna haki ya kuwacheka: wimbo wa taifa ulitokana na wimbo wetu wa kumbembelezea mtoto. Nchi iliyobembelezwa vizuri namna hiyo ililala, na lawama mtatugawia kidogo.

Fadhila ya nne ni umoja. Chini ya mathenge hutaona ugomvi wa mimea, kwa sababu hakuna mimea mingine. Kivuli chake na majani yake yanayooza huifanya ardhi iwakatae wengine. Juni 1982 bunge liliongeza kifungu cha 2A kwenye katiba, na KANU ikawa chama pekee kwa mujibu wa sheria. Hoja hiyo ilipelekwa na Njonjo, sasa akiwa waziri, na kuungwa mkono na Mwai Kibaki, makamu wa rais, na kila kitu kilikwisha upesi kuliko kikao cha posa. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa hesabu wakaondolewa ulinzi wa kazi zao. Mwaka 1988 ikawa zamu ya majaji. Mwaka huohuo wa 1988 tukapiga kura ya mlolongo, wapigakura wakipanga foleni nyuma ya picha ya mgombea, mchana kweupe, mbele ya chifu. Aliyepata asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa. Kuna mahali mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Amani, upendo na umoja, basi, vikapatikana vyote kwa pamoja.

Fadhila ya tano ni kuziba njia bila kuweka kizuizi. Huku kwetu mfugaji wa Kiorma hupeleka ng'ombe mtoni kupitia malka, na mkulima wa Kipokomo anajua malka iko wapi ili asilime pale. Ni mapatano ya miaka na miaka. Mathenge hakuyavunja, ameota tu juu ya malka. Sasa ng'ombe hutafuta njia nyingine, njia nyingine ni shamba la mtu, na majirani wawili hutukanana wakati mti umetulia. Wanawake wanaoteka maji huinama na madumu yao kupita chini ya miiba, na miiba hiyo hupenya akala hadi nyayo. Ndivyo pia ilivyokuwa miaka ya KANU. Hapakuwa na sheria ya kumzuia mtu kuishi. Ila sokoni na kwenye stendi ya matatu kijana wa chama angeweza kukuuliza kadi, leseni ilitaka kadi, na usipokuwa nayo ulijikuta unamlaumu jirani aliyekuwa nayo.

Fadhila ya sita ni haki sawa kwa wote, hata kwa waliomnenepesha. Utamu wa ganda huoza meno ya mbuzi, na mbuzi asiye na meno hufa njaa katikati ya malisho. Mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu kwa kuwaletea mti huu, na kizibiti kimoja kilikuwa mbuzi kibogoyo aliyeletwa Nairobi kujieleza kwa mdomo wake. Katika siasa kizibiti hakikukosekana. Njonjo aliyemlinda Moi mwaka 1976 na kumpelekea 2A mwaka 1982, mwaka 1983 aliitwa msaliti, akapoteza kiti cha ubunge na uwaziri, akaundiwa tume ya uchunguzi. Kibaki aliyeunga mkono hoja alishushwa mwaka 1988 kutoka umakamu wa rais hadi Wizara ya Afya. Josephat Karanja aliyepewa nafasi yake hakumaliza miezi 15. Bunge lilimgeukia, akajiuzulu mwaka 1989. Wote walikula ganda, na wote walishangaa meno yalikokwenda.

Fadhila ya saba ni kutokufa. Mathenge ukimkata shina moja, anajibu kwa machipukizi kumi. Serikali ilimtangaza rasmi kuwa gugu hatari mwaka 2008. Gazeti la serikali hakulisoma. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, wafadhili wakiwa wamefunga mkoba na maandamano ya Saba Saba ya mwaka uliotangulia yakiwa yamemwaga damu. Tukashangilia kisiki. Mwaka uliofuata Moi alishinda uchaguzi kwa takriban asilimia 36 ya kura, kwa sababu wapinzani walipendelea kushindwa kila mmoja peke yake. Mwaka 1997 akashinda tena, kwa asilimia 40. Aliondoka mwaka 2002 katiba ilipomwambia muda umekwisha, na aliyemkabidhi nchi ni Kibaki yuleyule.

Wapo watakaosema nampa mti sifa isiyo yake, kwa kuwa udongo ndio uliokuwa tayari. Ni kweli, na sifichi. Nendeni Hola, mkatazame mifereji ya skimu ya umwagiliaji. Wafungwa wa Mau Mau walilazimishwa kuichimba, na tarehe 3 Machi 1959 askari wa gereza waliwapiga 11 kati yao hadi wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Mkoloni aliondoka, lakini sheria za kumweka mtu kizuizini bila kesi hazikupanda meli pamoja naye. Mwaka 1964 KADU ya Ronald Ngala ilijivunja, na sauti ya Pwani ikahamia kwenye chama cha wengi. Mwaka 1966 Jaramogi Oginga Odinga alipounda chama cha KPU, bunge likabadilisha katiba haraka ili kila aliyehama chama arudi kwa wapigakura. Mwaka 1969 KPU ikapigwa marufuku. Moi alipofika, shamba lilikuwa limelimwa, limepigwa haro, na mifereji ipo. Skimu ya Hola ilipolala, mathenge ndiye aliyeirithi mifereji hiyo.

Sasa, mwenye kusifu kwa uaminifu lazima ataje na kasoro ya shujaa wake. Mathenge anayo moja, na inaniuma kuisema. Mche wake wa wiki mbili hauna miiba ya kutisha wala mzizi wa kwenda mbali. Mtoto anaweza kuung'oa kwa vidole viwili akielekea shule. Baada ya hapo itahitajika jembe, kisha shoka, kisha tingatinga na bajeti ya kaunti, kisha kesi Mahakama Kuu. Lakini wiki zile mbili, yuko mikononi mwa yeyote anayepita.

Bahati yake ni kwamba akiwa mche hana sura ya dikteta. Ana sura ya marekebisho madogo, ya dharura, ya kumkomesha mtu mmoja ambaye sisi wenyewe hatumpendi. Ile sheria ya 1966 ilikuwa na mlengwa mmoja, Odinga, na waliomchukia walipiga makofi. Miaka 16 baadaye kivuli chake kiliwafunika wao pia. Kwa hiyo nawasihi wapenzi wote wa mathenge, siri hii isitoke nje ya ukurasa huu. Uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja, na wagombea watafika hadi Wenje na maganda yao. Tuyapokee. Na akisimama mtu mkutanoni akauliza sheria inayopitishwa wiki ijayo itamfikia nani baada ya kumaliza kazi na adui yetu, mwambieni aketi chini upesi, anachelewesha pilau.