Rangi kwa Rangi

Katika nasaha zote ambazo mtu huweza kumpa mwenziwe bila gharama, sijapata kusikia iliyo nyepesi kinywani na nzito katika matokeo yake kama ile isemayo kwamba nyaya za gemu na runinga huungwa rangi kwa rangi. Huitoa mwenye duka aliyekuuzia waya, huitoa jirani apitaye dirishani, huitoa hata mtoto ambaye bado hajajua kusoma. Na kila aitoaye huwa na udhuru wa haraka unaomwita kwingine kabla runinga haijawashwa. Mimi sina ugomvi na rangi. Ugomvi wangu ni na wale wahandisi waliozigawa, ambao, ilhali rangi zote za ulimwengu zilikuwa mbele yao, waliona vema kuipa nyekundu kazi mbili.

Kadhia ninayoikusudia ilitokea nyumbani kwetu Tanga, siku ya pili ya Idi, mpwa wangu alipowasili na PlayStation 2 iliyofungwa ndani ya kanga ya mama yake. Mashine hiyo ilianza kuuzwa Japani mwezi wa Machi 2000, na hata ilipokoma kutengenezwa, miaka kumi na kitu baadaye, zaidi ya milioni 150 zilikuwa zimekwisha kuuzwa duniani. Basi si ajabu kwamba moja katika jeshi hilo, baada ya kupita mikono mingi, iliipata njia ya kuja kwetu. Mgongoni ina tundu pana na bapa, ambalo waya wake huliingia kwa upande mmoja tu, na hapo hata mwenye haraka kuliko wote hawezi kukosea. Fitina yote imewekwa katika ncha ya pili, ambako waya huo hujigawa vichwa vitatu: cha manjano kwa ajili ya picha, cheupe kwa sauti ya kushoto, na chekundu kwa sauti ya kulia.

Ruhusa ya kuiunga ilitoka kwa Bibi, ambaye ndiye mahakama ya rufani katika nyumba ile, kwa sharti moja: saa mbili kamili usiku taarifa ya habari iwe mahali pake. Shemeji yangu aliposikia neno ruhusa hakungoja sharti likamilike. Alipenyeza mkono nyuma ya runinga, akazikamata nyaya za kisimbuzi zote pamoja, akazing'oa kwa mkupuo mmoja kama ang'oavyo mtu muhogo shambani. Kwa hiyo hakuna aliyeona zilivyokuwa zimekaa, na ilipodhihiri kwamba mgongo wa runinga una matundu matano, la kijani, la buluu, jekundu, jeupe, na jekundu tena, na kwamba la manjano halipo, ushahidi wa pekee ulikuwa umelala sakafuni.

"Rangi kwa rangi, Shemeji," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayemtuliza mgonjwa.

Cheupe kikaingia katika jeupe. Chekundu kikaingia katika jekundu lililokuwa karibu. Cha manjano, yatima, kikaachwa kikining'inia. Runinga ilipowashwa ikatandaza giza la buluu lisilo na mtu ndani yake, na kutoka spika ya kushoto peke yake tukasikia makelele ya umati wa uwanja wa mpira, wakishangilia jambo ambalo sisi hatukujaaliwa kuliona.

Kwa insafu lazima niseme kwamba yale matundu mekundu hayakuwekwa mawili kwa uovu. Katika namna hii ya kuunga, iliyo bora kuliko ile ya waya wa manjano, picha husafirishwa kwa njia tatu mbalimbali: tundu la kijani huchukua mwanga na kivuli, na la buluu na jekundu hugawana habari za rangi. Jekundu la pili, lililo jirani na jeupe, ni la sauti. Lakini ni nani, akiwa ameinama nyuma ya kabati kwa tochi ya simu, mgongo ukimlalamikia na wajomba wanne wakimshauri, atakayetambua kwamba wekundu huu ni wa jicho na ule ni wa sikio?

Mzee wa nyumba ya pili, mstaafu wa reli, ambaye kwa sababu hiyo huamini kwamba hitilafu zote za dunia hutokana na njia kutogeuzwa kwa wakati, aliamuru kichwa cha manjano kiingizwe palipo na nafasi. Palipo na nafasi palikuwa la kijani. Picha ikatokea! Watu wakapiga makofi, kisha makofi yakafifia, kwa maana wachezaji, majani, na mashabiki wote walikuwa weusi na weupe. Katika nchi ambayo mtu hutambua rafiki na hasimu wake kwa wekundu wa Simba na ukijani wa Yanga, hili si pungufu dogo. Nyekundu na kijani, zikishavuliwa rangi, huwa kijivu kimoja. Mpwa wangu akampasia adui mpira kwa ukarimu mkubwa, akafungwa.

Naye ndiye aliyetutoa. "Mjomba, hapa pameandikwa kitu," akasema, na kweli, kandokando ya tundu la kijani palikuwa na duara jembamba la manjano. Lile tundu lilikuwa na kazi mbili, ya kupokea kijani au manjano, na runinga huambiwa kwa rimoti ni ipi inayokusudiwa. Isipoambiwa, husoma mwanga na kivuli tu, rangi ikazitupa. Chekundu kikahamishwa kwenye jekundu la sauti, njia ya AV ikachaguliwa, na majani ya uwanja yakawa kijani. Mzee wa reli alitutazama mmoja mmoja kwa taadhima, pasipo kusema neno.

Alhasili, tulicheza mpaka tukasahau saa, na ilipokaribia saa mbili kisimbuzi kikarudishwa, ikabainika kwamba ile nguvu ya muhogo ilikuwa imekata waya wake wa manjano shingoni, ndani, mahali pasipoonekana. Sauti ipo, picha hapana. Fundi wa redio wa mtaa wetu, aliyeitwa kutoka barazani, hakufungua hata mfuko wake. Alichukua kichwa chekundu, akakitia katika tundu la manjano la kisimbuzi, na ncha yake ya pili katika la kijani la runinga. Shemeji yangu akapiga ukelele.

"Rangi ni ya macho yenu," fundi akajibu. "Umeme hauna macho."

Na ndivyo ilivyo. Vichwa vya namna hii vilitolewa katika miaka ya 1930 na kampuni ya Marekani iitwayo Radio Corporation of America, kwa ajili ya kuunga santuri na redio. Rangi zilikuja kutusaidia sisi, wala si waya, na katika waya wenye vichwa vitatu huku na vitatu huku, kila mmoja utabeba utakachoupa maadamu ncha zake mbili zimekubaliana. Kuhusu sauti, mweupe peke yake ulitosha, kwani msomaji wa habari ana kinywa kimoja.

Vijana husema kwamba HDMI, ambayo ilitoka 2002 na hubeba picha na sauti katika waya mmoja, imeyafuta mashaka haya. Labda. Lakini nimemwona mmoja wao mbele ya PlayStation 3 na runinga yenye kioo cheusi, hajui kwamba mashine ilikuwa ingali ikipeleka picha kwa waya wa zamani, na kwamba dawa ni kuizima, kisha kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka ilie mara ya pili.

Nyumbani kwetu picha ya kisimbuzi ingali ikipita katika waya mwekundu, na Bibi hajakosa habari. Namsihi mgeni yeyote atakayepita nyuma ya runinga ile, hata akiwa na nia njema, asiirekebishe.