Bunge Limekaa Kimya Miyuji

Ukiwa na binti chuo kikuu, omba Mungu arudi likizo na nguo chafu tu. Wangu, ambaye hapa Miyuji, Dodoma, tunamwita Hansadi kwa vile hasahau neno lililotamkwa ndani ya nyumba hii, alishuka kwenye bajaji kutoka UDOM na nguo chafu pamoja na riwaya nene ya mwandishi wa Australia, Liane Moriarty. Inaitwa Nine Perfect Strangers, ilitoka mwaka 2018. Nilipoiona mezani nilidhani ni kitabu cha mtihani nikaipita. Tangu hapo sijakaa kwa amani.

Kisa chenyewe si kibaya. Watu tisa wanajipeleka kwenye jumba la mapumziko liitwalo Tranquillum House, wakae siku kumi watoke wapya. Mwenye jumba ni Masha, mama wa Kirusi aliyekuwa bosi wa kampuni hadi moyo wake uliposimama akarudishwa duniani. Kijana mmoja wa gari la wagonjwa aliyemhudumia siku hiyo, Yao, sasa ndiye msaidizi wake. Wageni wakifika wanapekuliwa mabegi, wananyang'anywa simu, halafu wanaamriwa siku tano za kutosemeshana. Kila mmoja ana glasi yake ya juisi nzito, imetengenezwa kwa ajili yake peke yake. Humo ndani, na hapa aliyepanga kukisoma azibe masikio, wanatiliwa dawa za kulevya kidogo kidogo bila kujua.

Sasa mama mkwe wangu Kiingereza hakijui, na hawezi kuvumilia watu wacheke jambo asilolijua. Ikabidi Hansadi atusimulie kila jioni barazani, tukishamaliza ugali wa uwele na mlenda. Mama mkwe jina lake la ndani ni Mkaguzi Mkuu. Simwiti hivyo usoni, bado naipenda ndoa yangu. Hoja yake ya kwanza aliitoa kabla kisa hakijaanza, kwenye jina la kitabu.

"Wageni tisa wasiojuana?"

"Ndiyo, bibi."

"Hebu wataje."

Hansadi akawataja: Frances, mtunzi wa hadithi za mapenzi, Tony, mwanamichezo mstaafu, Lars, wakili wa talaka, Carmel, mama wa mabinti wanne, Ben na Jessica, mke na mume walioshinda bahati nasibu, halafu Napoleon, mkewe Heather na binti yao Zoe.

"Watatu familia moja, wawili mke na mume. Wasiojuana wako wapi? Hapo mwandishi ameongeza hesabu."

Tukaendelea kwa shida.

Shemeji yangu, Waziri Asiye na Wizara Maalumu, aliyekuja kututembelea mwaka wa juzi na bado anatutembelea, alisema sura ya kusikitisha kuliko zote ni pale Frances anaponyang'anywa mvinyo na chokoleti alizozificha kwenye begi. Alisema kwa uchungu, mkono kifuani. Hansadi, aliyekisoma mara mbili, alikuwa na lalamiko la msomaji hasa: nusu ya kwanza tamu, inachekesha, unawapenda watu wale hata uvivu wao, lakini wakishafungiwa kwenye chumba kule chini, mambo yanakuwa ya sinema, haamini mtu mzima angekaa akivumilia vile. Mimi nilikaa kimya. Mimi mtu mzima ninayevumilia mengi zaidi ya hayo.

Mke wangu, Spika, ni mkunga. Alikuwa upande wa Masha tangu mwanzo. Watu wamelipa fedha nyingi, wakaambiwa masharti, sasa wanalia nini? Wodini kwake ndugu wa mgonjwa hawezi kumpenyezea hata andazi. Ila jioni tulipofika kwa Heather, mkunga mwenzake, alinyamaza. Heather alifiwa na mwanawe, kijana alijiua, naye amebeba siri moyoni: mtoto alikuwa akitumia dawa ya pumu, na yeye, mtu wa afya, hakusoma karatasi ya madhara iliyokuja na dawa ile. Kitindamimba wetu ana pumu. Spika aliinuka bila kuaga, akaingia ndani, tukasikia droo ya dawa ikifunguliwa, na makaratasi. Jioni ile hakuna aliyeomba sura nyingine.

Lakini aliyekichambua kitabu kuliko wote ni Mkaguzi Mkuu, kwa sababu yeye amefika. Siyo Australia, Samunge. Machi 2011 alipanda basi kwenda Arusha, enzi hizo njia ya Kondoa bado vumbi tupu, akaunga safari hadi Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu, mchungaji mstaafu wa KKKT Ambilikile Mwasapile. Unakumbuka nchi ilivyohama. Wakenya walivuka mpaka, mawaziri walikunywa, foleni ya magari ikarefuka mpaka Babu mwenyewe akaomba watu wasije kwanza. Kule ndiko kulikuwa na watu wasiojuana, anasema: alilala kwenye Hiace kati ya mwanajeshi na mama wa Kisukuma, wakagawana mkate, wakaambiana magonjwa ambayo hata nyumbani hawakuyataja. Hicho, kwa maoni yake, mwandishi amekipatia: mtu humwambia mgeni siri yake upesi kuliko ndugu.

Anachompinga ni Masha. "Babu alitoza shilingi 500. Begi langu hakuligusa. Na mti aliutaja, mugariga, kila mtu alijua anakunywa nini. Huyu Mrusi anaficha. Tiba gani ya kufichwa?" Spika alimkumbusha kwamba madaktari wakati ule walilalamika kwamba wapo wagonjwa walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI baada ya kikombe, na kwamba yeye mwenyewe vidonge vyake vya sukari asingeviendeleza kama asingesimamiwa. Mkaguzi akasema hayo ni ya watu, yeye anazungumzia usiri. Babu alifariki Julai 2021, na Hansadi akadakia kuwa Agosti yake ndipo kisa cha Masha kilipotoka kama tamthilia, Nicole Kidman akiwa Masha. Bibi akauliza huyo Nicole alitoza shilingi ngapi.

Ningeshukuru kama mambo yangeishia barazani. Ijumaa moja nimerudi nyumbani nakuta karatasi mlangoni: utulivu hadi Jumapili. Simu zote zikaingia kabati la vyombo, ufunguo ukaning'inia shingoni mwa Spika. Chakula ni juisi ya ubuyu asubuhi, mboga bila mafuta jioni. Kusema ni marufuku. Kwa anayeijua Miyuji, Jumamosi ni siku ya mnada wa Msalato. Magari yanapita barabara ya Arusha na unajua kabisa kila moja linafuata nyama choma. Nilikaa uani nikiyahesabu kama mfungwa. Shemeji alitoweka mchana, akarudi ametulia mno, anaupenda ubuyu ghafla.

Saa mbili usiku giza. Wala si umeme kukatika, uniti za LUKU zimeisha. Uniti zinanunuliwa kwa simu. Simu ziko kabatini. Nikamwendea Spika, akanionyesha kidole mdomoni. Nikamwonyesha taa. Akajipapasa shingoni: ufunguo hakuna. Tukatafuta kwa kupapasa, wote bubu, kitindamimba anacheka peke yake, mpaka shemeji akaguna, akainama, akatoa kitochi ndani ya soksi. Kilikuwa humo tangu Ijumaa. Kilikuwa na salio, akanunua uniti. Nilimpa fedha taslimu, akataka na ya kutolea. Taa ilipowaka tukamwona vizuri: gazeti lenye mafuta mapajani, ndani mbavu za mbuzi, pilipili pembeni.

Kimya kikafia hapo. Mbavu zililiwa na wote, Spika wa kwanza, na kwa vile mdomo ulikuwa umefunguka akarudi kwenye kitabu. Alisema ameibadili kura yake. Masha ana kosa moja, na kosa lile ni jinai: huwezi kumpa mtu dawa bila kumwambia. "Kazini kwetu ungefukuzwa siku hiyohiyo."

"Na mlonge?" akauliza Mkaguzi Mkuu, huku anafyonza mfupa.

"Mlonge gani?" nikauliza mimi.

Hakuna aliyenijibu. Hansadi akatazama dari. Ndugu yangu, chai yangu ilikuwa na ladha ya majani kwa muda mrefu, nami nikiwaeleza wageni kwamba maji ya Dodoma yana chumvichumvi.

"Presha yako ilikuwaje Januari?" Spika akaniuliza, taratibu, kwa sauti ya wodini.

"Ilikuwa juu."

"Na sasa?"

"Imeshuka."

"Basi."

Baadaye nikagundua hata chumvi aliipunguza kimyakimya, kwa hiyo sijui nimshukuru mlonge au nani. Niliomba hoja yangu ijadiliwe. Shemeji alisema anaunga mkono serikali.

Hansadi amerudi chuoni na ile riwaya. Ameiacha nyingine ya mwandishi yuleyule, Big Little Lies ya mwaka 2014: wazazi wa shule moja wanagombana kwa ajili ya watoto, na usiku wa tafrija ya shule mmoja wao anakufa. Spika ameshafika katikati. Kikao cha wazazi cha kitindamimba ni wiki ijayo, mwenyekiti ni yeye, na mimi nimeshapangiwa kubeba soda.