Sisi Tuko Bluu

Mtaani kwetu Himbi, hapa Goma, kuna mahali pamoja tu ambapo maji hayajawahi kukatika, napo ni ndani ya kompyuta yangu. Humo yanaingia kwa kasi ya mita moja kwa sekunde, usiku na mchana, masika na kiangazi, bila ankara na bila bidoni. Bomba la uani, lenyewe, limeshinda wiki nzima likikohoa hewa.

Kazi nilipewa na watu wa mradi mdogo wa maji. Walikuwa na bomba la kupandisha maji kutoka ziwa Kivu hadi kwenye tanki, lenye vipindo vyake, na walitaka kujua msukumo wa maji unapotelea wapi. Kwa bomba lililonyooka hesabu hiyo huisha kwa kalamu kabla chai haijapoa, kwa kanuni yenye jina la Henry Darcy. Bwana huyo aliwafikishia watu wa Dijon, kule Ufaransa, maji ya chemchemi mwaka 1840, kitabu akakitoa 1856. Sisi tumeanza na kitabu. Lakini mfadhili haridhiki na kalamu, anataka picha za rangi.

Ili kompyuta ichore picha hizo, tumbo la bomba linagawanywa kwanza kuwa vyumba vidogo vidogo, wavu mzima. Katikati hakuna shida, maji yanajiendea. Kesi iko ukutani. Maji yanayogusa ukuta hayaendi kokote, yameganda pale pale. Ukisogea milimita moja tu ndani, tayari yamepata zaidi ya nusu ya kasi yake. Kwenye milimita hiyo ndimo nguvu ya pampu inamoliwa, kwa hiyo ndimo vyumba vinatakiwa viwe vyembamba kupita kiasi. Kwa bomba la milimita 100 na kasi yangu ya mita moja, cha kwanza kiwe na unene wa kama milimita 0.02. Unywele ni mnene kuliko hapo. Juu yake unaweka kingine kinachokizidi mara 1.2, na kingine, na kingine, kama chapati kwenye sahani ya mpishi anayezidi kuchoka.

Wavivu wana njia yao ya mkato: wanaanza na chumba kinene, halafu kanuni inakisia yaliyofichika ukutani. Kwenye bomba lililonyooka inakubali. Kwenye kipindo, maji yanapojitenga na ukuta, kanuni hiyo inadanganya bila haya.

Na bomba letu ni vipindo vitupu. Programu ilipanga tabaka zangu kwa adabu mpaka ilipofika kwenye kona ya nyuzi 90. Pale, upande wa ndani, tabaka ziligongana. Nyingine zikafutwa kimyakimya, nyingine zikarudi na taarifa kwamba zina ujazo hasi. Ujazo hasi! Goma nimeona bidoni tupu, nimeona iliyotoboka na kuzibwa kwa sabuni, ila bidoni yenye maji pungufu ya sufuri bado haijapita mtaa wa Birere.

Tabaka zilipokaa hatimaye na hesabu ikiwa imeanza kukubali, umeme ukaenda. Nikabeba kompyuta hadi kibanda cha kuchajia simu kando ya barabara, kwenye jenereta. Mwenye kibanda aliipima kwa macho, akasikiliza feni yake inavyolia, akasema, "Hii inakula moto ya simu kumi," akanitoza hivyo hivyo. Ikawekwa katikati ya simu za mtaa mzima, kioo kikiangalia barabara, na watu wakaanza kukusanyika. Mpira haukuwepo, lakini rangi zilikuwepo.

Mama jirani alikuwa anatoka ziwani na bidoni ya lita 20 mgongoni, mdomo wa bidoni umezibwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Ilinukia klorini: kule ufukoni kijana wa kutibu maji alikuwa amekwisha kuipigia sindano yake, kila bidoni na kipimo chake, kwa ajili ya kipindupindu.

"Enjenia, hii nyekundu ni nini?"

"Ni maji yanayokimbia, mama."

"Na hii bluu ya pembeni?"

"Hapo maji yamesimama."

Akaikagua bluu kwa muda, akarekebisha kamba ya bidoni kwenye paji la uso. "Basi sie tuko bluu," akasema, akaenda zake.

Fundi bomba naye alikuwepo. Huyu ni mtu wa kuheshimiwa. Kona hanunui, anajaza mchanga kwenye bomba la plastiki, analipasha juu ya makaa, analipinda kwenye jiwe la lava hadi likubali. Kisha bomba linalazwa juu ya lava hiyo hiyo iliyokatiza mjini Januari 2002, kwa sababu kulichimbia kunamaliza majembe. Juu ya ardhi linakanyagwa na chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, na volkano ya Nyiragongo ikiamka linaungua tena, kama tulivyoona Mei 2021, tulipokaa bila maji. Ndani ya kona zake kuna mkunjo ambao wavu wangu hauwezi kuuchora hata nikesha. Akaitazama kona ya kwenye kioo, laini, mviringo kamili, tabaka zote zimekaa.

"Enjenia, kude kama hii inauzwa wapi?"

Nikamhadithia Ludwig Prandtl, Mjerumani wa miaka 29 aliyesimama Heidelberg mwaka 1904 na kurasa nane tu, akaeleza habari za tabaka hili la ukutani. Kabla ya hapo alikuwa kiwandani Nuremberg, ametumwa atengeneze mfumo wa kufyonza maranda ya karakana. Bomba lilipopanuka, hewa ikakataa kuufuata ukuta, na yeye akataka kujua kwa nini. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kilichomgusa ni maranda. "Huyo alikuwa fundi," akasema, kwa sauti iliyoonyesha wazi kwamba mimi bado.

Ripoti nikaipeleka. Msukumo unaopotea kwenye kila kona umo, kwa jedwali, na jedwali halikufunguliwa na mtu. Picha ndizo zilizopita mkononi mwa kila mjumbe wa kikao, zikasifiwa sana. Kulikuwa na ombi moja: ile bluu ya kando iondolewe, maana mfadhili anaweza kufikiri maji hayatembei. Nikabadilisha. Ukutani sasa ni kijani kibichi cha kupendeza, na chini ya picha nimeandika, kwa herufi ndogo kabisa ambazo programu inaruhusu, kwamba kijani ni sufuri.