Namna ya Kuimaliza Seva Iliyobaki na Diski Moja

Mwongozo huu ni wa kijana wa Singida mjini aliyekabidhiwa seva ya kiwanda cha kukamua alizeti kwa sababu siku moja alionekana akitengeneza printa. Seva ina diski mbili zinazoandika mambo yaleyale kwa pamoja, RAID 1, na msimamizi wake ni programu ya mdadm ndani ya Linux. Aliyeifunga alimwambia bosi kuwa diski moja ikifa, nyingine itaendelea na kazi. Alisema kweli, na hapo ndipo balaa lilipo.

Diski ikifa, hakuna kinachosimama. Dada wa uhasibu anatoa risiti, magunia yanapimwa, bosi anatabasamu. Mdadm ikiwekwa kulinda hutuma barua pepe ya tahadhari kwa root, mtumishi ambaye hajafungua barua tangu aajiriwe. Mwache hivyo hivyo. Wala usichungulie /proc/mdstat, usije ukakuta [U_] mahali pa [UU] ukakosa usingizi.

Siku ukijua, harakisha. Zima seva, chomoa diski uliyoihisi moyoni. Usisome namba za diski kwa lsblk -o NAME,SERIAL na kuzilinganisha na zilizobandikwa kwenye diski zenyewe. Majina ya sda na sdb yanaweza kubadilishana seva ikiwashwa upya, lakini wewe yaamini. Ukimchomoa mzima ukamwacha mgonjwa, kuna zawadi: huenda mgonjwa hakufa, alitolewa kundini mwezi Machi kwa waya uliolegea. Ukimlazimisha aamke peke yake ataamka na vitabu vya Machi. Wakulima waliokopeshwa mbegu tangu hapo wamesamehewa wote, na waliolipa wanadaiwa upya.

Diski mpya agiza Kariakoo, ije na basi, takriban kilomita 700. Chagua ya bei ya kutupa, usiulize smartctl imeshatembea saa ngapi. Na ikizidiwa ukubwa na ile ya zamani hata kwa kiasi kidogo, mdadm itaikataa, basi lishaondoka.

Sasa patisheni. Kwenye sgdisk -R, diski inayotajwa kwanza ndiyo inayoandikwa, na ya mwisho ndiyo inayonakiliwa. Geuza mpangilio huo, na diski iliyobaki itapokea utupu wa diski mpya. Kama hilo halitoshi, tumia mdadm --create, anzisha RAID upya juu ya ile iliyopo, ukiitaja diski mpya kwanza. Mdadm itauliza kama una uhakika, jibu ndiyo. Halafu itanakili hewa juu ya vitabu vya kiwanda, sekta kwa sekta, kwa uaminifu ambao ofisi nyingi hazina. Patterson, Gibson na Katz wa Berkeley walipoandika juu ya RAID mwaka 1988, walishughulikia kufa kwa diski za bei nafuu. Fundi hawakumshughulikia.

Wapo waoga ambao huandika mdadm /dev/md0 --add /dev/sdb1, kisha hungoja saa kadhaa. Hata hao wana njia ya kuanguka: katika saa hizo diski iliyobaki husomwa mwanzo hadi mwisho, pamoja na pembe ambazo hazijaguswa kwa miaka, nayo ilinunuliwa siku moja na marehemu, pengine kutoka boksi moja. Kwa hiyo usichukue bakapu kabla. Wala usifanye grub-install kwenye diski mpya. Seva itaenda vizuri hadi siku ile ya zamani nayo itakapokufa, ndipo mtagundua mpya haijui kuwaka.

Diski iliyokufa muuzie wa vyuma chakavu. Ina majina ya wakulima, namba zao za simu na madeni yao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini kilo ni kilo.

Ukikuta mwongozo huu umeelekea mahali usipotaka kwenda, fanya kinyume chake, na uanze na bakapu: leo, kwenye diski ya nje, ilale nyumba nyingine. Kisha fungua barua za root.