Heko, Maumivu ya Koo

Magonjwa yenye majina yana siku zake za kimataifa, mabango, fulana na khanga za kampeni. Maumivu ya koo hayajawahi kuandaliwa hata kikao, ingawa ni magonjwa machache yaliyoitumikia jamii kwa moyo kama hayo. Ndiyo yanayomnyamazisha mshereheshaji asiyejua kuachia kipaza sauti. Mhubiri wa stendi, kondakta wa daladala na mtangazaji wa mpira, wote huamka siku moja hawawezi kumeza mate, na mtaa mzima ukapumua.

Tena hayachagui cheo. Desemba 1799, George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alizunguka kwa farasi kukagua mashamba yake ya Mount Vernon katika theluji na mvua. Siku mbili baadaye, usiku wa tarehe 14, alikufa kwa ugonjwa wa koo. Haki itendeke lakini: koo halikuwa peke yake. Madaktari wake walimtoa damu inayokadiriwa kuzidi lita 2, kwa nia njema kabisa.

Nia njema ya namna hiyo haijaisha. Katika baadhi ya sehemu za Tanzania na Kenya, mtoto mwenye kikohozi kisichoisha bado hupelekwa kwa fundi akatwe kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa bila kumkosea mtu. Kikohozi hubaki palepale; kinachoongezeka ni damu na hatari ya pepopunda. Waliostaarabika hukimbilia duka la dawa kuomba kapsuli za rangi mbili, "nne tu za kuanzia". Virusi, ambavyo ndivyo chanzo cha maumivu mengi ya koo, havitishwi na kapsuli hizo.

Na hapa ndipo ukarimu wa maradhi haya ulipo. Kwa kawaida huondoka yenyewe ndani ya wiki moja, na sifa yote yakakiachia chochote mgonjwa alichokunywa siku ya tano. Tangawizi imejipatia jina kubwa kwa njia hiyo. Kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi na kumeza parasetamoli hupunguza maumivu, basi. Asali nayo hulainisha koo, ila mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asilambishwe kamwe.

Yupo ndugu mmoja asiyestahili mzaha, bakteria aitwaye Streptococcus pyogenes, anayehusika na takriban asilimia 20 hadi 30 ya maumivu ya koo kwa watoto. Huyu angalau hubisha hodi: homa, mafindofindo yenye usaha, tezi za shingo zinazouma zikiguswa, na kikohozi hakuna. Mwaka 1981 daktari Mmarekani Robert Centor na wenzake walizipanga dalili hizo nne kuwa kigezo kinachotumika mpaka leo. Bakteria huyo akipuuzwa, wiki chache baadaye kinga ya mwili wa mtoto inaweza kuugeukia moyo wake na kuharibu valvu. Penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928, bado inamshinda, kwa sindano moja ya benzathini au vidonge vya siku 10.

Mzazi atakayeziona dalili hizo amwahishe mtoto kituo cha afya, na akipewa vidonge asivikatishe siku ya tatu kwa sababu homa imeshuka.