Kipofu wa Sebuleni

Baba Nuru alistaafu mwezi wa pili. Masika yalipoanza, tayari tulikuwa na kipofu sebuleni.

Kipofu mwenyewe ni Pew, yule haramia wa Treasure Island, ambacho kwa Kiswahili kilitafsiriwa kwa jina la Kisiwa chenye Hazina. Mwaka 1911 Mmarekani N.C. Wyeth alikitilia picha, na ya Pew ndiyo iliyomwingia mume wangu rohoni: usiku wa mbalamwezi, joho limechakaa, fimbo mkononi, mkono wa pili unapapasa hewa. "Asili yake ni rangi ya mafuta," akanieleza, "na turubai lake linapita mita moja. Mwanafunzi hunakili kazi ya fundi." Na mimi nikamsoma huyo fundi. Malipo ya kitabu hicho yalimwezesha kununua ardhi Chadds Ford, Pennsylvania, akajenga nyumba na karakana. Basi nikanyamaza. Hata meza ya kulia nikamwachia.

Akapiga mistari ya miraba kwenye nakala, akapiga mingine kwenye turubai, akawa anahamisha mraba mmoja mmoja. Mmoja ukamponyoka, Pew akaota goti la tatu. Likafunikwa na joho.

Msiba wenyewe ulikuja mafuta ya kitani yalipokwisha, nami niko shughulini kwa jirani. Baba Nuru akaingia jikoni, akachukua alizeti yangu ya kukaangia. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni hewani hadi mafuta yenyewe yagande. Ya kitani hushika kwa siku kadhaa. Alizeti husuasua, tena Dar, tena masika! Mwezi wa Pew, alioupaka mnono kuliko vyote, ukabaki mbichi wiki baada ya wiki.

Shemeji alikuja kuzungumzia mahari ya binti yake. Mazungumzo yakanoga, akaegemea ukuta, akaondoka na mwezi mgongoni mwa kanzu. Tuliuona alipokwisha kufika getini, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwita.

Matambara ya kufutia brashi nilikuwa nayatia kwenye ndoo ya maji, kwa sababu kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kuachwa kinaweza kupata moto na kuwaka chenyewe. Mama mkwe, aliyetoka Tanga kutujulia hali, akadhani nimeloweka nguo. Akazifulia humo shuka zake.

Ila yeye hoja yake ilikuwa nyingine.

"Mwanangu, huyu mtu ananinyooshea mkono usiku kucha. Anataka nini?"

"Mama, haoni huyo."

"Ndiyo naogopa. Asiyeona hushika chochote."

Nikajua picha inakwenda stoo. Kumbe bibi alikuwa na hesabu zake: kwake kuna watoto wanaomaliza mapera kabla hayajaiva. Akamwomba mwanawe ampe Pew akamsimamishe mlangoni. Baba Nuru, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwomba picha, alikwenda kuoga kwanza ndipo akakubali.

Chini ya basi haikuwezekana, ingegusana na mizigo. Kondakta akaitazama, akagusa ukingo, akatazama kidole chake, akadai nauli ya mtu mzima. Baba Nuru akalipa, akaomba kiti cha dirishani.